Francis Galton, Mwingereza aliyetaka kuupima uzuri

Ukikaa kwenye baraza yoyote ya Pwani msimu wa harusi, haitachukua muda kabla ya kusikia kwamba ukoo fulani una wasichana wazuri, na kwamba ukoo mwingine, masikini, Mungu hakuwajaalia. Maneno haya husemwa kwa yakini, utadhani kuna mtu alipita nyumba hadi nyumba na mizani. Tuna hata methali za kuyatilia nguvu: maji hufuata mkondo, mtoto wa nyoka ni nyoka.

Basi leo nawaletea habari za mtu ambaye kweli alipita na mizani. Alikuwa Mwingereza, amefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, na jina lake ni Francis Galton. Huenda jina hilo hulijui, lakini kidole chako kinamjua. Siku uliyochovya kidole kwenye wino ukitafuta kitambulisho, ulikuwa unapita njia aliyosaidia kuifungua. Nimemchagua kwa sababu yale tunayoyasema sisi kwa mdomo tu, yeye aliyafanyia hesabu. Na hesabu zikamkatalia.

Galton alizaliwa tarehe 16 Februari 1822 karibu na mji wa Birmingham, katika nyumba ya matajiri. Upande wa mama, babu yake alikuwa Erasmus Darwin, daktari mashuhuri ambaye pia ni babu wa Charles Darwin. Upande wa baba, utajiri ulitoka kwenye bunduki. Wazee wake walikuwa na kiwanda cha bunduki Birmingham, na nyingi zilipelekwa Afrika Magharibi, zikaingia katika biashara ya watumwa. Baadaye fedha hizo zikafungua benki. Nalitaja hili mapema kwa sababu Galton aliishi akiamini kwamba wakubwa huwa wakubwa kwa damu yao. Baba yake alipofariki mwaka 1844 alimwachia mali ya kumtosha maisha yake yote, asihitaji mshahara wa mtu.

Alianza kusomea udaktari, akauacha. Akaenda Cambridge kusoma hesabu, akaugua kwa kujichosha akili, akatoka na shahada ya kawaida tu. Akazunguka Misri, Sudan na Sham, akajifunza Kiarabu kidogo. Kisha mwaka 1850 akashuka Walvis Bay, katika nchi ambayo leo ni Namibia, akiwa na msafiri wa Kiswidi aliyeitwa Charles Andersson. Alikaa huko hadi 1852. Kwa ramani alizochora, jumuiya ya wanajiografia ya London ilimpa nishani ya dhahabu mwaka 1853. Mwaka huo huo alimuoa Louisa Butler.

Katika safari hiyo kulitokea mambo mawili ambayo kwangu mimi yanamweleza mtu huyu kuliko nishani yoyote.

La kwanza, kwenye kituo cha wamishonari alimwona mwanamke wa Kinama, mke wa mkalimani, aliyejaaliwa umbo la nyuma. Galton alistaajabu, akatamani kujua vipimo vyake. Lugha ya yule mama hakuijua, na kumuomba mmishonari amkalimanie jambo kama hilo aliona haya. Akachukua sekstanti, kile chombo cha mabaharia cha kupimia pembe za jua na nyota. Akasimama mbali, akampima mwenzake juu, chini na upande kwa upande, akapima umbali kwa futi, akaenda kukokotoa upana na urefu wa mwili wa mke wa mtu. Yeye mwenyewe aliyaandika haya kwa furaha katika kitabu chake cha safari. Yule mama hakuulizwa chochote.

La pili lilitokea kwa mfalme Nangoro wa Waovambo. Kwa desturi ya kumkirimu mgeni, mfalme alimpelekea msichana wa ukoo wake awe mke wake. Msichana alikuwa amepambwa kama bibi harusi wa kwao, amepakwa udongo mwekundu na siagi. Galton alikuwa amevaa suti yake nyeupe ya kitani, na alichokiona yeye ni doa. Akaamuru msichana atolewe hemani. Hebu fikiria mgeni aje Mombasa, aletewe bibi harusi aliyesingwa kwa liwa, hina mikononi na miguuni, halafu amfukuze kwa hofu ya kuchafuliwa kanzu. Uzuri ulikuwa mbele yake, umeandaliwa kwa heshima, na jicho lake halikuuona.

Miaka saba baada ya kurudi kwake, yaani 1859, binamu yake Darwin alichapisha kitabu chake juu ya asili ya viumbe. Najua neno mageuko huwakera wengi wetu, na sikukusudia kuufungua mjadala huo hapa. Itoshe kusema kwamba kitabu hicho kilimgeuza Galton. Aliona kwamba kama mfugaji huweza kuchagua ng'ombe na njiwa wa kuzalisha, basi binadamu naye aweza kuchaguliwa. Mwaka 1869 akatoa kitabu akidai kwamba akili na ukubwa hurithiwa katika koo, akitaja majaji, makamanda na wanazuoni wa Uingereza na jamaa zao. Kwamba jamaa hao walirithi pia mashamba, shule nzuri na marafiki wa baba, hilo hakulipa uzito.

Mwaka 1871 Darwin alitoa kitabu kingine, na humo ndimo uzuri ulimoingia katika sayansi hii. Alijiuliza mkia wa tausi una faida gani, maana ni mzito na humfichua kwa adui. Akajibu kwamba majike huwapenda madume wenye mikia ya kupendeza, na kwa vizazi vingi kupenda huko kukaurefusha mkia. Akasema kuchaguana kwa aina hii kumechonga pia sura za binadamu. Lakini Darwin alikusanya habari kutoka mataifa mengi na akakiri kwamba hakuna kipimo kimoja cha uzuri kwa watu wote. Kila jamii huupenda zaidi ule mtindo wa sura iliouzoea. Galton aliichukua nusu ya kwanza ya somo. Hii ya pili aliiacha mezani.

Na hapa anaingia nyumbani kwetu. Mwezi Juni 1873, mwezi ule ule ambao Sultan Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa Unguja, gazeti la The Times la London lilichapisha barua ya Galton kuhusu pwani hii ya Afrika Mashariki. Alipendekeza Wachina waletwe wahamie huku, wazaliane, hatimaye wachukue nafasi ya Waafrika aliowaona duni. Waarabu nao hakuwasaza. Aliwaona ni watu wa kula jasho la wengine, wasiojenga kitu. Yaani Mombasa, Lamu, Malindi na Bagamoyo, pamoja na bibi zetu na babu zetu, ziliandikiwa mpango wa kufutwa na mtu aliyekuwa ameketi London, kama anayebadilisha mbegu shambani.

Turudi kwenye sura. Mwishoni mwa miaka ya 1870, Galton aliamini kwamba uhalifu umeandikwa usoni. Ofisa mkuu wa magereza ya Uingereza, Edmund Du Cane, alimpa picha za wafungwa, wakiwemo wauaji na wezi. Galton akabuni njia ya kuziweka picha nyingi juu ya kioo kimoja cha kamera, kila moja kwa muda mfupi, macho yakae juu ya macho, mpaka ipatikane sura moja ya wote. Alitarajia kuipata sura halisi ya muuaji.

Alichokipata kilimshangaza. Kadiri alivyoongeza nyuso, ndivyo ubaya ulivyotoweka. Pua iliyopinda ya huyu ilifutwa na pua ya yule, kovu likapotea, taya likalainika. Ikabaki sura ya mwanamume wa kawaida mwenye kupendeza kuliko wafungwa wote waliomo ndani yake. Galton alikuwa mkweli wa kutosha kuliandika jambo hilo. Lakini hakusimama kujiuliza lina maana gani kwa imani yake.

Ilipita zaidi ya karne. Mwaka 1990 watafiti wawili wa Marekani, Judith Langlois na Lori Roggman, walirudia jambo hilo kwa kompyuta, wakichanganya nyuso hadi 32. Watu walioonyeshwa picha hizo waliona sura ya mchanganyiko inapendeza kuliko nyingi za zile zilizoitengeneza. Kuanzia hapo kumekuwa na tafiti tele. Si kwamba wastani ndio kila kitu, kwani zipo sura zinazoupita, lakini msingi umebaki pale pale: jicho la binadamu hupenda sura isiyopita mpaka. Wapo wanaosema tumejifunza kuisoma sura hiyo kama dalili ya afya. Wapo wanaosema akili hupenda tu kile kinachofanana na nyuso ilizokulia nazo. Vyovyote iwavyo, ukiuchunguza uzuri unaosifiwa kama wa ukoo mmoja teule, unakuta ndani yake sura za watu wengi wa kawaida.

Galton hakutosheka. Alitaka kuichora ramani ya uzuri wa Uingereza. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1908 alieleza alivyofanya. Alikuwa na kikaratasi na sindano ndogo mfukoni. Akipita barabarani, kila msichana aliyekutana naye alimtobolea tundu: wa kupendeza tundu hapa, wa kati pale, wa kuchukiza kule. Hakuna aliyejua kwamba anahesabiwa. Mwisho wa hesabu, London ikatoka ya kwanza kwa uzuri, na Aberdeen, mji wa Scotland, ikashika mkia.

Jiulize mwamuzi alikuwa nani. Alikuwa mzee mmoja tajiri, mkazi wa London kwa miaka mingi, na kwa kipimo chake mji wake ukaibuka mshindi. Akahesabu matundu kwa makini sana, wala hakuna tundu hata moja lililopima kitu kingine ila jicho lake. Wasichana wa Aberdeen waliotoka asubuhi kwenda zao kazini hawakuwa na la kujibu, maana hawakujua kuna mtihani.

Mwaka 1883 aliupa mradi wake jina, yujeniki, yaani elimu ya kuboresha kizazi cha binadamu kwa kuchagua nani azae na nani asizae. Mwaka uliofuata alifungua maabara kwenye maonyesho ya afya mjini London. Watu walilipa senti zao za kuingilia, wakapimwa urefu, uzito, nguvu za mkono na ukali wa macho. Alipima watu 9,337.

Kutokana na vipimo vya namna hii alipata ugunduzi wake mkubwa, ambao wanahesabu wanautumia hadi leo. Alikusanya urefu wa wazazi jozi 205 na watoto wao 928 waliokwisha kukua. Akakuta kwamba wazazi warefu sana huzaa watoto warefu, lakini kwa wastani hawafikii urefu wa wazazi wao. Wazazi wafupi sana huzaa watoto wafupi, lakini kwa wastani wamewazidi. Kila ncha hurudi kuelekea katikati. Hii haimaanishi kwamba hakuna kurithi. Kurithi kupo, na kila mwenye macho anakuona. Maana yake ni kwamba kinachopita kiasi kwa mzazi, kiwe urefu au uzuri, hakihamii kwa mtoto mzima mzima. Hakuna ukoo unaoweza kuushika uzuri kama hati ya shamba.

Mwaka 1892 alitoa kitabu chake cha alama za vidole. Alionyesha kwamba alama hizo hazibadiliki maishani na kwamba zaweza kumtambulisha mtu. Hapo pia alikuwa na tamaa nyingine: alitumaini kuona tofauti za mataifa kwenye ncha za vidole. Akalinganisha Waingereza, Wayahudi, Waafrika na wengineo. Hakupata alama yoyote ya kusema hii ni ya taifa hili tu. Mikono ilimjibu alivyojibiwa na nyuso za wafungwa.

Serikali hazikujali jibu hilo, zilichukua wino. Hapa Kenya, kuanzia 1920, mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande kilichokuwa na alama za vidole vyake, ndani ya kikebe alichokivaa shingoni.

Galton alipewa heshima ya Sir mwaka 1909. Mwaka 1910, akiwa mzee wa miaka 88, aliandika hadithi ya nchi ya kubuni ambamo watu hufanyiwa mtihani wa mwili na akili kabla ya kuruhusiwa kuoana. Wachapishaji waliikataa, na jamaa zake wakachoma kurasa nyingi kwa aibu. Alifariki tarehe 17 Januari 1911 akazikwa Claverdon, pamoja na wazee wake. Yeye na Louisa hawakujaaliwa mtoto. Simcheki kwa hilo, uzazi ni wa Mungu, na kati yetu wapo wengi wenye mtihani huo. Nasema tu kwamba kwa sheria za nchi yake ya kubuni, mtu hupewa au kunyimwa alama kwa mambo ambayo hakuyachagua, na ndoa yake mwenyewe ingekuwa somo la kutosha.

Fedha zake, kiasi cha pauni 45,000, aliziachia Chuo Kikuu cha London ili kiwe na profesa wa yujeniki. Elimu hiyo ikasambaa. Jimbo la Indiana, Marekani, lilikwisha kutunga sheria ya kuwafunga watu uzazi kwa nguvu tangu 1907, na katika nchi hiyo waliofungwa walipita 60,000. Ujerumani ya Hitler ilitunga sheria yake mwaka 1933, ikawafunga uzazi watu wapatao 400,000, kisha ikaenda kwenye mauaji yanayojulikana na dunia nzima. Mwaka huo huo wa 1933, mjini Nairobi, madaktari na walowezi waliunda chama chao cha mambo haya. Dkt H. L. Gordon, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mathari, alidai kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni. Waliiomba London fedha za utafiti, London ikakataa. Ni mwaka 2020 tu ambapo chuo kile cha London kililiondoa jina la Galton kwenye ukumbi wake wa mihadhara.

Na sayansi ya jeni ya leo inasemaje kuhusu uzuri? Mwaka 2019 watafiti walichukua picha za shule za watu waliomaliza sekondari mwaka 1957 katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Watu wengine wakazipa picha hizo alama za mvuto, kisha alama zikalinganishwa na jeni za wenye picha, zaidi ya watu 4,000 wa asili ya Ulaya. Walipata sehemu chache tu zenye uhusiano, kila moja na mchango mdogo mno, na za wanawake hazikuwa zile za wanaume. Jeni ya uzuri, ya kusema ukiwa nayo umepata, haikuonekana.

Kuhusu rangi, utafiti wa mwaka 2017 uliohusisha watu wa Ethiopia, Tanzania na Botswana ulikuta kwamba jeni za kuing'arisha ngozi na za kuitia weusi, zote zimo Afrika, na nyingi ni za kale mno, mamia ya maelfu ya miaka. Weupe na weusi ni wenyeji wa bara hili wote wawili. Tofauti yao ni kazi ya jua na vizazi, haina uhusiano na cheo cha mtu.

Nimeyaandika haya yote kwa sababu sindano ya Galton bado tunayo mfukoni. Nimekaa katika vikao vya posa kama mzee wa upande mmoja au mwingine, na nimesikia swali la rangi likitangulia swali la tabia. Nina mabinti wawili, baba mmoja mama mmoja. Mkubwa kanifuata mimi kwa weusi, mdogo kamfuata nyanyake kwa weupe. Wageni wakija, mdogo husifiwa kwa sauti, na mkubwa huambiwa kwamba ana adabu. Mtoto wa miaka 12 anajua maana ya kusifiwa adabu mbele ya mdogo wake. Anaona matundu yanavyotobolewa.

Mtoto kama huyo ndiye mteja wa kesho wa krimu za kujichubua zinazouzwa kila kona ya mji. Baadhi zina zebaki, sumu inayoharibu figo. Anayezinunua hakuanza na ugonjwa wa ngozi. Alianza na maneno ya watu wazima sebuleni.

Dini yetu imetufunza mambo ya kutazamwa katika ndoa. Uzuri umo, hakuna anayekataa, lakini haukutangulizwa. Na wahenga wetu walikwisha kusema kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa hivyo ndugu msomaji, ukialikwa kwenye posa mwezi huu, uliza kama kijana anafanya kazi, kama anaswali, kama hampigi mtu anapokasirika. Uliza kama binti ameulizwa na ameridhika. Na ukiingia nyumba yenye watoto wawili wa rangi mbili, wasifu wote wawili kwa jambo moja, au nyamaza unywe kahawa.